Ulimi hauna mfupa, ila siku hizi unawekewa rimoti

Kuna klipu imezunguka kwenye grupu letu la familia, sijui nani aliileta mwanzo. Mzungu mmoja mtu mzima kakaa kitini, kashika kidude kama rimoti ya geti, anakiweka kifuani anabonyeza, mara ulimi wake unatoka wenyewe mpaka kwenye meno ya mbele, unasimama hapo kidogo, unarudi. Chini yake mtu kaandika DAWA YA KUKOROMA IMEPATIKANA, na vikopa vya moto vitatu. Dakika kumi hazijaisha mjomba wangu kanipigia. Mjomba ni dereva wa lori, msimu wa korosho anabeba magunia kutoka Tandahimba na Newala kushusha Mtwara, na kukoroma kwake mtaani kwetu Chikongola ni habari ya siku nyingi, watoto wakisikia wanasema mjomba kawasha injini. Shikamoo mjomba. Marahaba mpwa wangu, sasa hiki kitu ni kweli au ni matapeli wa mtandaoni?

Nikamwambia nipe siku mbili. Zikawa nne, maana kadiri nilivosoma wanachosema watu waliopasuliwa wakawekewa hicho kifaa cha kusogeza ulimi ndo nilivozidi kuchanganyikiwa, huyu anasema kimemrudishia maisha, analala kama mtoto, yule anasema anajuta, anataka kitolewe hata kesho. Kifaa kile kile, upasuaji ule ule. Kwa nini? Hilo swali ndo naona halielezwi, watu wanaleta ushuhuda wa kusifia au wa kuponda basi, kwa hiyo naandika hapa nilichomjibu mjomba, na kwa wengine wenye mtu wa hivo nyumbani.

Kwanza tuliweke sawa hili la kukoroma. Klipu inasema dawa ya kukoroma, siyo. Kukoroma peke yake ni kelele. Tatizo ni pale kelele inapokatika. Mkaza mjomba wangu ndo alinieleza vizuri kuliko daktari yeyote, anasema anakoroma anakoroma, alafu kimya, kimyaaa, mpaka namtikisa nikidhani amekufa, alafu anashtuka anavuta pumzi kama mtu aliyetoka kuzama, anageuka, anaanza upya. Sisi zamani tulikuwa tunasema jinamizi limemkaba. Kumbe hapo njia ya hewa kooni imeziba kabisa au imebana sana, pumzi inakatika sekunde 10 au zaidi, oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unapiga kengele, anaamka kidogo tu bila hata yeye kujua, koo linafunguka. Ikitokea mara 5 mpaka 14 kwa saa wanasema kiwango kidogo, 15 mpaka 29 cha kati, 30 kwenda juu kikali. Hebu piga hesabu, mara 30 kwa saa ni kila dakika mbili unakabwa, usiku mzima, miaka na miaka. Ndo maana mtu kama huyo analala masaa nane mazima na asubuhi bado kichwa kizito, presha haishuki na dawa anakunywa, na mchana akikaa tu anasinzia. Mjomba msimu uliopita alisinzia kwenye usukani maeneo ya Nanyamba akashtuka tairi za kushoto ziko nje ya lami, tela limejaa. Alilisimulia kama utani. Mi sikucheka.

Sasa kwa nini koo linaziba mtu akilala na akiwa macho halizibi? Chukua mrija wa karatasi wa kunywea dafu, ule ukishalowa, uvute kwa nguvu, unajikunja kuta zinagusana. Koo la binadamu nyuma ya ulimi halina mfupa wa kulishikilia, linashikiliwa na misuli tu, na misuli hiyo inapokea amri kutoka kwenye ubongo. Ukilala amri zinapungua, misuli inalegea, ulimi unarudi nyuma, na ukilala chali ndo unaanguka wote. Pombe inalegeza zaidi, kwa hiyo msimu wa mabibo watu wakishashiba uraka, au ile nipa yenyewe, usiku unasikia mtaa mzima. Na siyo wanene tu jamani. Unene unachangia sana, kweli, lakini kuna watu wembamba kabisa wenye kidevu kifupi au koo jembamba la kuzaliwa nao wamo.

Tiba ambayo ndo mama wa zote ni mashine ya CPAP. Ilianzia Australia, daktari anaitwa Colin Sullivan na wenzake walitoa majibu ya kwanza mwaka 1981, na wazo lake ni rahisi, unavaa kinyago puani kina bomba, mashine inasukuma hewa kwa presha ndogo muda wote, ile hewa inakuwa kama nguzo inazuia koo kujikunja. Inafanya kazi. Ikivaliwa. Hapo kwenye ikivaliwa ndo balaa, maana watu wengi wanaishindwa, wengine inawakausha pua, wengine wanajiona wamefungwa, wengine wanaamka asubuhi kinyago kiko chini ya kitanda wala hawajui walikivua saa ngapi. Hiki kifaa cha ulimi kilitengenezwa kwa ajili ya hao, walioshindwa CPAP. Siyo kwa kila anayekoroma, na siyo kwa asiyejaribu kinyago kabisa.

Haya, kifaa chenyewe. Kinachojulikana zaidi kinaitwa Inspire, cha kampuni ya Marekani, huko mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba ilikiruhusu mwaka 2014. Ukishawahi kumuona mtu mwenye betri ya moyo, basi ni ndugu yake. Kuna kiboksi chenye betri kinawekwa chini ya ngozi ya kifua, upande wa kulia, chini kidogo ya mtulinga. Kutoka hapo waya unapita chini ya ngozi ya shingo unapanda mpaka chini ya taya, unaishia na kitu kama bangili ndogo iliyofungwa kwenye neva ya ulimi. Neva hiyo ni ya 12 kati ya zile jozi 12 zinazotoka moja kwa moja kichwani, ndo inayoamrisha karibu misuli yote ya ulimi. Kwenye matoleo ya mwanzo kuna waya wa pili unaingia katikati ya mbavu kuhisi kifua kinavotanuka, ila toleo jipya lililoruhusiwa mwaka 2024 halina huo waya, kihisi kimo humo humo kwenye boksi. Unavuta pumzi, boksi linajua, linatuma umeme kidogo kwenye neva, msuli unakaza, ulimi unasogea mbele, hewa inapita. Ukitoa pumzi umeme unaachia.

Utauliza, mbona ulimi peke yake? Msuli mkubwa wa ulimi umefungwa mbele, kwenye mfupa wa kidevu kwa ndani, na nyama zake zinatawanyika kwenda nyuma. Ukikaza unavuta shina lote la ulimi kuja mbele. Na ulimi umeshikana na kaakaa laini, ile nyama inayoning'inia nyuma kabisa, kwa hiyo ulimi ukienda mbele na kaakaa linavutwa kidogo. Ila neva ile ile ina matawi mengine yanayovuta ulimi kurudi nyuma, na hapo daktari wa upasuaji ndo anapoonesha kazi yake, lazima achague matawi ya kusukuma mbele ayaache ya kurudisha, anajaribu na umeme pale pale mezani mgonjwa akiwa amelala. Bangili ikikamata tawi lisilo lake, unalipa hela nyingi ulimi uende kinyumenyume.

Na hapa ndo tunafika kwenye lile swali la kwa nini watu wanatofautiana.

Sababu ya kwanza ni mahali koo lako linapoziba. Kabla ya kuwekewa, mgonjwa analazwa kwa dawa ya usingizi, anaingizwa kamera nyembamba puani mpaka kooni, wanamwangalia akikoroma. Kwa wengine ulimi unaanguka nyuma, au kaakaa linaanguka kutoka mbele kwenda nyuma, hao wanaendelea. Lakini kuna wengine kaakaa lao linabana pande zote kwa mpigo, kama unavofunga mdomo wa kiroba kwa kamba. Hao wengi wanakataliwa na hicho kifaa, sababu hata uvute ulimi vipi, mdomo wa kiroba haufunguki. Kuna wagonjwa wanasema hiyo siku ya kukataliwa iliwauma sana, maana mtu ameshasubiri miezi, ameshazunguka kwenye ofisi za bima, alafu kamera ya dakika chache inamwambia hapana. Pia kuna vigezo vya idadi ya kukatika pumzi na uzito. Mwanzoni huko Marekani walitaka mtu asizidi mara 65 kwa saa, mwaka 2023 wakapandisha mpaka 100.

Sababu ya pili ni matarajio, na hapa namba zinasaidia. Utafiti uliofungua njia ulitoka Januari 2014, walikuwa watu 126, wote walishindwa CPAP. Baada ya mwaka mmoja, mtu wa katikati kwenye orodha alishuka kutoka mara 29.3 kwa saa mpaka 9. Nzuri sana hiyo. Wakachukua baadhi ya waliofanikiwa wakagawa mafungu mawili, fungu moja wakazimiwa kifaa wiki moja, kukatika pumzi kukapanda tena juu. Kwa hiyo kifaa ndo kinafanya kazi, siyo mawazo ya mgonjwa. Lakini soma na upande wa pili: waliofikia kiwango cha mafanikio walichojiwekea watafiti ni kama theluthi mbili. Theluthi moja hawakufika. Sasa mtu aliye kwenye theluthi ile akiandika kwamba kifaa hakifai, hadanganyi, anaeleza koo lake. Na yule wa theluthi mbili naye anaeleza lake. Alafu angalia ile 9, siyo sifuri. Mtu aliyeahidiwa kwenye klipu kwamba amepona, akipimwa akaambiwa bado unakatika mara 9, anaona ametapeliwa, wakati mwingine mwenye 9 hiyo hiyo anamshukuru Mungu kwa sababu anafika saa kumi jioni bila kusinzia.

Sababu ya tatu ndo nimeisoma kwa watu wengi kuliko zote na kwenye klipu haimo kabisa: kukiseti. Watu wanadhani ukitoka theatre ndo tayari umepona. Upasuaji wenyewe wengi hawalalamiki sana, wengi wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake, kidonda cha chini ya taya na cha kifuani, shingo inakakamaa siku kadhaa, ulimi unaweza kuwa mzito kwa muda ukaongea kama umetafuna pilipili. Lakini kifaa hakiwashwi. Unakaa karibu mwezi kidonda kipone, na huo mwezi unakoroma kama kawaida, tena na kovu juu. Ndo unarudi, wanakiwasha, wanatafuta umeme wa chini kabisa ambao ulimi unasogea, wanakupa ngazi kadhaa kwenye rimoti, unaenda nyumbani kupanda ngazi moja moja, kama wiki hivi kila ngazi, mpaka upate pale unapolala vizuri na hapaumi. Alafu unapimwa tena usingizi usiku mzima. Kwa wengine miezi miwili mitatu inatosha. Wengine mwaka unaisha bado wanahangaika, ngazi ya 3 haitoshi, ngazi ya 4 inawaamsha.

Hilo la kuamshwa ndo malalamiko makubwa. Hisia yenyewe wengi wanasema siyo kama kupigwa shoti, ni ulimi kukaza na kusukumwa na mtu usiyemuona. Mtu mwenye usingizi mwepesi anakereka. Kwa hiyo kifaa kinapewa muda wa kusubiri, unabonyeza rimoti ukipanda kitandani, kinakaa kimya kama nusu saa ndo kinaanza, ushalala. Ukiamka usiku kwenda chooni unabonyeza kisimame kidogo, ukirudi kinasubiri tena. Wapo wanaosahau kukisimamisha, anakwenda kufungua mlango anataka kuuliza nani, ulimi unamtoka, mgeni anakimbia. Natania kidogo, ila kuongea kikiwa kimewaka kweli ni shida.

Lingine ni ulimi kuchubuka. Ukisukumwa mbele mara mia kadhaa kwa saa unasuguana na meno ya chini, na kama una jino lenye ncha, asubuhi ulimi una kidonda. Tiba yake mara nyingi ni rahisi, daktari wa meno anasawazisha lile jino au anatengeneza kikinga cha plastiki cha kuvaa usiku, au wanabadilisha namna umeme unavopita kwenye bangili. Lakini angalia huo mzunguko wake, daktari wa pua na koo, daktari wa usingizi, daktari wa meno, fundi wa kuseti. Huko kwao vyote viko ndani ya mji mmoja. Mtu wa Mtwara kwenda Dar tu ni zaidi ya kilomita 500, kila akitaka kuongezewa ngazi apande basi la alfajiri.

Betri inakadiriwa kudumu kama miaka 11, ikiisha unapasuliwa kidogo kifuani kubadilisha boksi. Ukienda kupigwa MRI, ile picha ya mwili ya mashine ya sumaku, lazima useme mapema kwamba una kifaa. Watu wembamba wanakiona kinatuna kifuani, wanawake wanasema mkanda wa sidiria na wa begi unakaa juu yake pale pale. Na hapa mjomba alinishangaza, mi nilimsomea tu kwamba kinawekwa kulia, akanyamaza, akasema mkanda wa gari. Kweli bwana! Huko Marekani dereva anakaa kushoto, mkanda unapita bega la kushoto, kifaa kiko kulia hawana habari. Sisi dereva anakaa kulia, mkanda unashukia bega la kulia, juu ya boksi, na barabara zetu hizi za matuta, saa sita kwa siku. Sijaona mgonjwa yeyote wa huko akiliongelea. Dereva wa lori wa Chikongola kaliona kwa dakika moja.

Kuna kingine cha Ubelgiji kinaitwa Genio, hicho hakina betri mwilini wala boksi kifuani. Kinawekwa chini ya kidevu, kinagusa neva za pande zote mbili, na usiku unabandika kistika chini ya kidevu chenye chipu ya kukipa nguvu, asubuhi unabandua chipu unaichaji. Ulaya kilitangulia kuruhusiwa, Marekani wakakubali Agosti 2025. Kwa mwenye wasiwasi wa kubadilishiwa betri kila baada ya miaka ni habari njema, kwa mwenye ndevu kama mjomba sijui.

Bei sasa. Marekani upasuaji na kifaa kwa pamoja bili inafika makumi ya maelfu ya dola, na wengi unaosoma shuhuda zao wamelipiwa na bima. Kwa hiyo mtu anaposema ilinigharimu kidogo tu, anaongelea kile kidogo kilichobaki baada ya bima yake kulipa. Usipige hesabu ya korosho kwa maneno yake.

Tuliongea na mjomba karibu saa nzima. Nilimwambia kabla ya ulimi kuna mlolongo. Kwanza mkaza mjomba amrekodi usiku kwa simu, dakika kumi zinatosha, zile kimya zisikike, alafu klipu hiyo ndo aende nayo hospitali kwa daktari wa pua, koo na masikio badala ya ile ya mzungu. Apimwe usingizi ijulikane ni mara ngapi kwa saa. Presha iangaliwe. Alale ubavu. Uraka msimu huu auone kwa macho, nipa ndo asiiguse kabisa. Na ikionekana ni kikali, kinyago kwanza. Akaleta hoja ya umeme, kwamba yeye nusu ya mwezi analala kwenye kebini ya lori kwenye foleni ya ghala, mashine ataichomeka wapi? Nikamwambia nyingi zina adapta ya kutumia betri ya gari, volti 12, na kwa lori lake la volti 24 kuna adapta zake. Akakaa kimya muda mrefu kidogo, mpaka nikadhani kasinzia.

Kumbe alikuwa anawaza. Akauliza, sasa ile ya ulimi, betri ikiisha usiku, ulimi unabaki nje? Nikamwambia hapana mjomba, umeme ukikatika msuli unalegea, ulimi unarudi mahali pake, unakoroma kama zamani.

Ahaa, akasema. Basi hiyo waachie wenyewe kwanza. Niulizie bei ya ile ya bomba puani.